Alfajiri ya Mwanamke na Msimu wa Kuchipua

Hotuba ya Mwenyekiti siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi, Makambako



Katibu ameshasoma historia ya kikundi, na Mweka Hazina ameshatoa taarifa ya fedha, nanyi mmepiga makofi mlipoisikia. Kwa hiyo mimi sirudii mahesabu. Kamati iliniomba niseme neno juu ya mwanamke na moyo wake, yaani yale mambo yasiyoandikwa kwenye daftari la hisa. Nimechagua kuzungumza juu ya alfajiri na msimu wa kuchipua, na namna watu wa kale walivyoviona vitu hivyo viwili katika sura ya mwanamke. Mwisho nitakuja kwenye katiba yetu, maana Jumamosi ijayo tunapigia kura kifungu kipya, na ningependa kila mmoja apige kura akiwa amefikiri.

Mnanijua. Elimu yangu ni darasa la saba. Niliishia darasa la saba lakini sikuishia kusoma, na mwanangu ambaye ni mwalimu huniletea vitabu kila akija likizo. Haya nitakayosema nimeyapata humo. Mchungaji na Padre msishtuke mkinisikia nikitaja miungu wa kike. Sijaja kumwambia mtu aabudu jua. Nataka tutazame tu watu wengine walivyojieleza moyo wa mwanamke kwa hadithi zao, kama sisi tunavyojieleza kwa methali.

Tuanze na alfajiri. Hapa kwetu ni nani anayeijua alfajiri kuliko mama? Huku Njombe tuko juu, karibu meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba umande unaganda kuwa barafu juu ya majani. Saa kumi na moja mama ameshatoka kitandani, anapuliza moto, anatafuta maji. Na hapa Makambako, penye reli ya TAZARA na njia panda ya Mbeya na Songea, mama wa mihogo ya kuchemsha na chai yuko kituoni abiria wakiwa bado wamelala kwenye basi.

Basi msishangae kwamba watu wengi, wasiojuana hata kidogo, waliweka mwanamke pale kunapokucha. Wairaqw wa Mbulu wanamwita Mungu Lo'a. Lo'a ni wa kike, ni mama, na anahusishwa na jua. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanamtaja Ishoko, naye ni jua na ni mwanamke. Wamasai wanasema Enkai, na katika lugha yao jina hilo lina alama ya kike, tena neno hilo hilo ndilo mvua. Mama wa Kimasai akikamua asubuhi hunyunyiza maziwa kidogo huku akimwomba Enkai, kabla ya watu kunywa. Sisi kwa Kiswahili tunasema "yeye" kwa mume na kwa mke, kwa hiyo hatukulazimika kuamua jua ni mama au baba. Ila ile nyota ing'aayo kabla ya mapambazuko tunaiita Zuhura, na Zuhura ni jina tunalowapa mabinti zetu.

Ukitoka Afrika ni hivyo hivyo. Wahindi wa kale walimwimbia Ushas, binti wa mapambazuko. Wagiriki walikuwa na Eos, Warumi wakamwita Aurora, ambaye kazi yake ilikuwa kufungua malango ya mbingu ili jua lipite. Na Waingereza, ile sikukuu yetu ya Pasaka wanaiita Easter. Mtawa wao mmoja wa zamani, Beda, aliandika mwaka 725 kwamba neno hilo linatokana na mungu mke aliyeitwa Eostre, ambaye mwezi wake ulikuwa wakati huu wa majani kuchipua. Ni yeye peke yake aliyeandika habari hiyo, lakini jina limebaki mpaka leo. Sisi Wakristo tunajua pia kwamba asubuhi ile ya Pasaka waliotangulia kaburini walikuwa wanawake, tena mapema sana.

Kwa nini watu wa mbali hivyo wafikirie kitu kimoja? Alikuwepo daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, jina lake Carl Jung. Yeye alisema ndani ya kila mtu kuna picha za asili ambazo hakufundishwa na mtu, amezaliwa nazo, na picha hizo ndizo zinazotoka katika ndoto na hadithi za kila kabila. Nikafurahi kusoma kwamba daktari huyu alifika huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1925 alikwenda Mlima Elgon, pale mpakani mwa Kenya na Uganda, akakaa na wenyeji akiongea nao Kiswahili chake cha kutafutatafuta. Wakamweleza kwamba kukipambazuka hutoka nje, hupuliza au hutema mate viganjani, kisha huvigeuza viganja kuelekea jua linalochomoza. Akauliza, je, jua ndilo Mungu? Wakamwona kama mtu aliyeuliza swali la kitoto. Jua likishakuwa juu ni jua tu. Kitu kitakatifu ni ile dakika linapochomoza.

Mimi simezi kila neno la daktari huyo, maana alikaa wiki chache tu kisha akaondoka. Lakini hilo la dakika ya kuchomoza naliamini, kwa sababu nimeliona kwenye kikundi hiki. Mnakumbuka wenyewe, mama anakuja mara ya kwanza, anakaa karibu na mlango, anaongea kwa sauti ya chini, hela yake ameifunga kwenye ncha ya khanga. Miezi inapita. Siku moja anasimama anasema, "Naomba mkopo, nataka kulima viazi robo eka." Hajapata mkopo bado, hajapanda kitu, lakini pale pale kumekucha ndani yake. Fedha inakuja baadaye.

Sasa, akina mama wenzangu, hapa nataka tuwe waangalifu. Kusifiwa ni kuzuri, lakini sifa nyingine zina mzigo ndani yake. Tunaambiwa mama ni jua la nyumba, mama ni nguzo. Ni kweli, na tunashukuru. Lakini mtu anayesifiwa kwa kuamka wa kwanza huwa haulizwi kama alilala. Je, huyo mungu mke wa alfajiri yeye alikuwa anaishi maisha gani? Nilipofika hapo kwenye kitabu nikakisoma mara mbili.

Eos alikuwa na mtoto wa kiume, jina lake Memnon, mfalme wa Ethiopia, jina ambalo Wagiriki waliwapa watu weusi wa mbali. Memnon alikwenda vitani kuwasaidia watu wa Troya, akauawa. Mama yake akamlilia. Warumi wakasema umande tunaouona asubuhi kwenye majani ni machozi ya mama huyo, bado analia kila siku. Yaani yule anayewafungulia watu wote mlango wa asubuhi ni mama mfiwa. Fikirini jambo hilo. Hakuambiwa anyamaze ndipo afanye kazi, na hakuna aliyesema kwa kuwa analia basi leo kusikuche.

Kisha kuna hadithi ya kuchipua. Kuna nchi zenye majira manne, na baada ya baridi kali huja majira ya majani mapya. Wagiriki walieleza hivi. Demeter alikuwa mama wa nafaka zote. Binti yake Persephone alikuwa anachuma maua, ardhi ikapasuka, mfalme wa kuzimu akamchukua. Mama akazunguka siku tisa na mienge mikononi, hali wala haogi. Alipojua yaliyompata mwanawe akaacha kazi. Jamani, akaacha kabisa! Mbegu zikakaa ardhini hazioti, ng'ombe wakavuta majembe bure, watu wakakaribia kufa njaa. Ikabidi mkuu wa miungu yao apeleke mjumbe kuzimu binti arudishwe. Akarudi, lakini alikuwa ameshakula mbegu za komamanga kule chini, kwa hiyo kila mwaka sehemu moja hukaa kuzimu na sehemu nyingine hukaa na mama yake. Akirudi, nchi inachipua.

Katika hadithi hiyo mimi napenda mambo mawili. La kwanza ni kwamba huzuni ya mama ilihesabiwa. Dunia ilisimama. La pili ni dogo, watu wengi hulipita. Demeter akiwa katika majonzi yake alikaa karibu na kisima, amejigeuza bibi kizee, hakuna anayemjua. Wakaja mabinti kuteka maji. Wakamwamkia kwa heshima, wakamkaribisha nyumbani kwao. Akakaa kimya, hataki kula wala kunywa, mpaka mwanamke mmoja wa nyumba ile, jina lake Iambe, akamfanyia mzaha na utani, yule mama akacheka kidogo. Binti alikuwa bado hajarudi. Lakini kicheko kile kilitangulia majani.

Na sisi tunayo ya kwetu. Wamakonde wa Mtwara wana hadithi ya asili yao, na Mjerumani mmoja, Karl Weule, aliiandika alipofika kule mwaka 1906. Wanasema zamani kulikuwa na pori tupu. Akatokea mtu mume, peke yake, hajawahi kuoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha kwake. Usiku ule sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakateremka mto Ruvuma, wakaoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahama, wakavuka nyanda za juu wakaingia bonde la Mbemkuru. Akajifungua tena, mtoto mfu. Wakarudi juu Mahuta, na huko akajifungua mtoto wa tatu, naye akaishi. Huyo ndiye mwanzo wa Wamakonde.

Tazameni basi. Kabila zima linajihesabu kuanzia kwa mama aliyezika wawili. Hawakuficha. Wangeweza kuanza hadithi kwa yule mtoto aliyeishi, ingependeza, lakini waliona haitakuwa kweli.

Ndugu zangu, Njombe hatuhitaji kufundishwa juu ya kuzika. Utafiti wa taifa wa mwaka 2011 hadi 2012 ulionyesha mkoa wetu, ambao ulikuwa ndiyo kwanza umeanzishwa, ulikuwa na maambukizi ya virusi vya UKIMWI kuliko mkoa wowote nchini, karibu watu 15 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Dawa zimesaidia sana, tunashukuru, watu wanaishi na wanalea. Lakini wengi wetu hapa ni wajane, wengine ni bibi wanaolea wajukuu. Kila benchi la kikundi hiki lina kaburi nyuma yake.

Sasa naja kwenye katiba. Katiba yetu inasema mwanachama asipohudhuria mikutano mitatu bila taarifa atalipa faini, na ikifika sita jina linafutwa na anarudishiwa hisa zake baada ya kukatwa deni. Ni kanuni nzuri, imetulinda. Bila kanuni hii sanduku lingekuwa tupu mwaka wa kwanza.

Katika mwaka wa pili mwenzetu mmoja alifiwa na mume. Akanyamaza. Mikutano sita ikapita, jina likafutwa, hisa zake zikawekwa kwenye bahasha. Aliyepeleka bahasha alikuta nyumba imefungwa. Mpaka leo hatujui anakoishi.

Mwaka wa sita mwingine alizika mume, na kabla ya mwaka kwisha akazika binti yake wa kwanza. Yeye mwenyewe ameniruhusu niseme bila kumtaja jina. Alikuwa na mkopo. Akaacha kuja. Lakini huyu alikuwa na jirani, naye ni mwanachama. Kila mkutano jirani alisimama akasema, "Nimeleta taarifa ya fulani." Tunamwuliza, anasemaje? Anajibu, "Bado." Neno hilo moja tu. Kwa kuwa katiba inasema "bila taarifa", na taarifa imeletwa, jina halikuweza kufutwa. Wengine walinung'unika, nao walikuwa na haki ya kunung'unika, maana fedha iliyokuwa nje ni ya kila mtu. Jirani hakujali. Alhamisi anakwenda kwake, wanapukuchua mahindi pamoja, saa nyingine hawaongei. "Bado" ile ilidumu miezi saba. Mwezi wa nane akaja mwenyewe, akakaa karibu na mlango kama siku yake ya kwanza. Deni lake alilimaliza msimu uliofuata kwa maharage na viazi. Leo yeye ni mdhamini wa wanachama wanne, na nyie wanne mnajijua.

Tofauti ya wale wawili ni nini? Majonzi yalikuwa yale yale. Mmoja alikuwa na jirani wa kusema "bado", mwingine hakuwa naye. Mimi nasema mwanachama asitegemee bahati ya jirani. Kifungu kipya kinapendekeza hivi: mwanachama aliyefiwa na mume au mtoto, au aliyepatwa na ugonjwa mzito, apewe muda usiozidi miezi 6. Katika muda huo hisa zake zibaki, faini isihesabiwe, na riba ya mkopo wake isimame. Mkopo wenyewe haufutwi. Pengo la riba lijazwe na mfuko wa jamii. Na kamati iteue wanachama wawili wa kumtembelea kila wiki mbili, wakae naye, walete taarifa.

Nimesikia hoja zinazopinga, nami naziheshimu. Wa kwanza anasema watu watajifanya wana majonzi ili wakwepe marejesho. Akina mama, msiba hapa kwetu haufichiki, wote tunakwenda kuukalia. Na ndiyo maana kuna wale wawili wa kutembelea. Mwingine ananikumbusha methali, usiku wa deni haukawii kucha. Ni kweli kabisa, na kifungu hiki hakiongezi usiku wa deni hata siku moja zaidi ya miezi 6. Lakini methali hiyo ni ya mdaiwa anayelala usingizi. Huyu tunayemsema halali, anakaa macho mpaka asubuhi na asubuhi haimfikii. Wa tatu anasema mfuko wa jamii ni mdogo. Hapo naomba Mweka Hazina atuletee hesabu Jumamosi, tuone mfuko unaweza kubeba wangapi kwa mara moja. Kama ni wawili, tuandike wawili. Tusiahidi kisichokuwepo.

Kuna jambo moja mimi siwezi kulikubali, nalo ni kusema kwamba mwanamke aliyenyamaza amekufa, hana faida kwa kikundi. Nyote mna mipichi nyumbani. Mwezi wa saba mpichi hauna jani hata moja, ukiutazama ni kuni. Mvua bado miezi mingi. Kisha kabla hata tone halijaanguka, maua yanatoka, tena mekundu mekundu, kwenye ule ule mti mkavu. Hakuna mtu wa Njombe anayeng'oa mpichi mwezi wa saba. Mtoto akichukua panga tunamkemea. Mti tunaupa muda, mwenzetu je?

Wale wa kale walipoweka mwanamke kwenye alfajiri na kwenye kuchipua, nadhani waliona kitu ambacho mama anakijua lakini hana nafasi ya kukisema. Ndani ya mtu kuna usiku na kuna baridi, navyo vina muda wake, huwezi kuviharakisha kwa faini. Kazi ya wenzake ni kukaa naye kisimani, kumtania kidogo kama Iambe, na kuendelea kuleta taarifa yake.

Kabla sijakaa, niwashukuru akina mama wote waliopika tangu jana, kijana aliyetuletea spika, Afisa Maendeleo ya Jamii ambaye hajatuchoka kwa miaka yote hii, na akina baba waliobaki na watoto ili wake zao wawe hapa. Wanachama, Jumamosi saa nne kamili, kila mmoja aje na daftari lake. Kura ni ya siri. Ukikubali au ukikataa, wewe bado ni mwenzetu.